Mandhari, mwonekano, mazingira au sura ya nchi: neno lipi likae wapi

Anayeandika habari za mlima, bonde au pwani hufika mahali kalamu ikasita. Aandike mandhari? Mwonekano? Mazingira? Au sura ya nchi? Maneno haya manne huazimana nafasi kiasi kwamba msomaji hukubali lolote atakalopewa. Lakini hayatoki nyumba moja. La kwanza limetoka kwenye jicho la mtazamaji, la pili kwenye kitu kinachojitokeza, la tatu kwenye hali ya kuzungukwa, la nne kwenye umbo la ardhi yenyewe. Asili hizo bado zinafanya kazi ndani ya maneno hayo, na ndizo zinazoamua lipi likae wapi.

Mandhari: neno lenye jicho ndani yake

Mandhari limetoka katika Kiarabu, manẓar, wingi wake manāẓir. Mzizi wake ni n-ẓ-r, wenye maana ya kutazama. Kiarabu kina mtindo wa kutanguliza ma- kwenye mzizi ili kutaja mahali tendo linapofanyika, na Kiswahili kimepokea maneno mengi ya mtindo huo: maktaba (mzizi wa kuandika), mahakama (kuhukumu), madrasa (kusoma), matbaa (kuchapa). Hata mashariki na magharibi ni ndugu zake: jua linakochomoza na linakozama. Kwa hiyo mandhari kwa asili ni mahali pa kutazama, kisha likawa kile kinachotazamwa.

Lilipoingia Kiswahili lilivalishwa kama wenzake. Konsonanti ya mwisho ilipewa irabu, na baada ya r irabu hiyo mara nyingi huwa i: khabar ikawa habari, safar ikawa safari, khaṭar ikawa hatari, manẓar ikawa mandhari. Ile ẓ nzito ya Kiarabu ikawa dh, kama ilivyo katika dhuluma, dhahiri, adhuhuri, hifadhi na lafudhi. Ndiyo maana tahajia za “manzari” na “manthari” si sahihi: z inalitoa neno kwenye safu ya wenzake, na th ni sauti nyingine kabisa, ile ya thamani. Ukiandika “mandari” umeandika neno jingine lililopo, lenye maana ya matembezi ya starehe, pikiniki. Kosa baya kuliko yote ni kuidondosha n na kuteleza kwenye irabu ya mwisho, kwa sababu “madhara ya mlima” hayamvutii mgeni yeyote.

Katika ukoo wa mandhari wamo nadhari (uangalifu, jicho la akili) na nadharia (namna ya kuliangalia jambo). Nadhiri, ile ahadi mtu anayojiwekea mbele ya Mungu, si ndugu. Mzizi wake una herufi ya Kiarabu dhāl, si ẓāʾ (ile ẓ ya mandhari), na Kiswahili kimeziunganisha herufi hizo mbili katika dh moja. Nadhifu nalo lina ẓ ileile lakini mzizi wake unaishia kwa f. Sauti zimekaribiana, ukoo hapana.

Sasa faida ya haya kwa mwandishi. Kwa kuwa jicho limo ndani ya neno, mandhari inadai mtazamaji, mahali pa kusimama na umbali. Kipimo chepesi: jaribu kuongeza “ukisimama hapa” au “kutoka” fulani. “Mandhari ya bahari kutoka juu ya mnara” inakaa. “Mandhari ya udongo imeharibiwa na kemikali” haikai, kwa kuwa hakuna anayesimama kuutazama udongo huo. Aliyeandika hivyo alikuwa anatafuta mazingira, au udongo tu. Vivyo hivyo mandhari haina harufu wala sauti. Ukitaka kutia mlio wa ndege na harufu ya mvua, toka kwenye neno hili, useme mahali penyewe.

Je, mandhari peke yake ina maana ya uzuri? Kwa asili, hapana. Jaa la taka lina mandhari yake pia. Ila matumizi yamelielemeza upande wa uzuri, hivyo ukisema “nyumba ile ina mandhari” bila kuongeza kitu, msikilizaji atadhani unaisifu. Unapotaka kusema kinyume, taja wazi: mandhari ya kuchusha, mandhari kame.

Mtego wa “ya”

“Mandhari ya hoteli” ni nini? Ni namna hoteli inavyoonekana kwa anayeitazama, au ni kile anachokiona mgeni akiwa dirishani? Hiyo “ya” inabeba yote mawili, na matangazo mengi huliacha fumbo hilo lijitatue lenyewe. Dawa ni kutenganisha: “mandhari ya” kwa kinachotazamwa, “kutoka” kwa mahali pa kutazamia. Mandhari ya bahari kutoka ghorofa ya tatu. Chumba chenye mandhari ya bahari ni chumba ambacho bahari inaonekana, na mgeni akifika akaona ukuta wa jirani ana haki ya kulalamika.

Kiambishi -ni nacho kinageuza maana. Mandhari ya milima: milima ndiyo inayotazamwa, pengine kutoka mbali sana bondeni. Mandhari ya milimani: mtazamaji yuko huko juu, na anachokiona huenda kikawa mabonde na mawingu. Herufi mbili tu, lakini zinamhamisha msomaji kutoka chini hadi kileleni.

Mwonekano

Hili ni la Kibantu toka mwanzo hadi mwisho. Shina ni -ona, likaongezwa viambishi vinavyotupa -onekana, sawa na -patikana na -julikana, kisha likafanywa jina kwa m- na -o. Angalia jicho limekwenda wapi: katika -onekana hakuna mtendaji. Kitu kinajitokeza, awepo au asiwepo wa kukitazama kwa makusudi. Ndiyo maana mwonekano unakifaa kitu kimoja chenye mipaka: mwonekano wa mtu, wa jengo, wa gari baada ya kupakwa rangi upya, wa ukurasa kwenye kioo cha simu. Mandhari inataka eneo, si kitu kimoja. “Mandhari ya mlango” ni kichekesho. “Mwonekano wa mlango” ni kauli ya kawaida ya fundi.

Mwonekano una kazi nyingine ambayo mandhari haiwezi kuifanya, nayo ni kutaja kiasi cha kuonekana. Ukungu hupunguza mwonekano barabarani. Ukisema ukungu umepunguza mandhari, dereva hatakuelewa, ingawa ukisema umeficha mandhari, mpiga picha atakuelewa mara moja.

Tahajia yake inawasumbua wengi: mwonekano au muonekano? Kanuni ya kawaida ni kwamba mu- ikikutana na irabu nyingine isiyo u hugeuka mw-: mwandiko, mwendo, mwongozo. Ikikutana na u hubaki: muundo. Kwa kuwa hapa kuna o, mwonekano ndiyo inayofuata kanuni. Ngeli yake ni u-/i-: mwonekano huu, mionekano hii.

Mazingira

Kuzingira ni kuzunguka pande zote. Jeshi huuzingira mji. Mazingira basi ni vyote vinavyokuzunguka: hewa, maji, udongo, mimea, watu, kelele, sheria, hata hali ya kazi. Katikati yake hakuna jicho, kuna kiumbe anayeishi. Mtu aliyefumba macho bado yumo katika mazingira, lakini mandhari imekwisha kumtoka.

Tofauti hii ndiyo inayovunjwa mara nyingi kuliko zote, hasa katika maandishi ya utalii na ya uhifadhi. Sheria ya Tanzania ya mwaka 2004 inaitwa Sheria ya Usimamizi wa Mazingira, na jina hilo halikukosewa: inashughulika na uchafuzi, maji, hewa na ardhi, si na picha nzuri. Kwa upande mwingine, kikundi kinachopinga bango kubwa la biashara lililozuia kuonekana kwa ziwa kinatetea mandhari. Bango hilo linaweza lisiyadhuru mazingira hata kidogo. Kinyume chake kinatokea pia: ziwa lililojaa magugu maji likaonekana kama zulia la kijani lina mandhari ya kupendeza na mazingira yaliyo hoi. Sentensi moja inaweza kuwa ya kweli kwa neno moja na ya uongo kwa jingine.

Mazingira hayana umoja. Hakuna “zingira moja”, na upatanisho wake ni ya- daima: mazingira haya yamechafuka.

Sura ya nchi

Neno hili ni la walimu wa jiografia. Sura limetoka Kiarabu ṣūra, umbo au picha, na mzizi huohuo ndio uliozaa taswira. (Sura ya kitabu, pamoja na sura ya Kurani, ni neno jingine, sūra yenye sīn, yaani s nyepesi ya Kiarabu. Kiswahili kimeyapa maneno hayo sauti moja, hivyo yanafanana kwa bahati.) Sura ya nchi ni mpangilio wa miinuko na mabonde, nyanda na miteremko. Inapimwa kwa mita, inachorwa kwa mistari ya kontua, na haimhitaji mtazamaji. Usiku wa giza mandhari hutoweka. Sura ya nchi ipo palepale.

Litumie pale unapoeleza kwa nini maji yanaelekea upande fulani, kwa nini barabara imejipinda, au kwa nini kijiji kimejengwa upande mmoja wa kilima. Ukiliweka kwenye kadi ya salamu halitafaa kitu.

Mahali pamoja, sentensi nne

Kreta ya Ngorongoro inafaa kwa jaribio, kwa sababu maneno yote manne yana kazi pale.

Sura ya nchi: “Ni kreta iliyotokana na kuporomoka kwa volkano, kuta zake zina kimo cha takriban mita 600 na sakafu yake ina ukubwa wa kilomita za mraba zipatazo 260.” Hakuna anayetazama. Kuna vipimo tu.

Mandhari: “Kutoka ukingoni, Ziwa Magadi linaonekana kama kioo kilichoangushwa katikati ya majani.” Mtazamaji yupo, na mahali pa kusimama pametajwa.

Mazingira: “Wanyama wa humo hutegemea malisho, chemchemi na msitu wa Lerai.” Hapa tunaongelea kuishi.

Mwonekano: “Asubuhi ukungu unaweza kupunguza mwonekano, hata sakafu isionekane.” Hapa tunaongelea kiasi cha kuonekana.

Sasa badilisha nafasi. “Kutoka ukingoni mazingira yanaonekana vizuri” si kosa la sarufi, ila msomaji hajui aone nini. “Wanyama hutegemea mandhari ya humo” ni upuuzi mtupu, labda kama nyumbu wameanza utalii.

Majirani wa pembeni

Taswira ni picha iliyokwisha kupita akilini au katika maneno. Mandhari iko nje mbele yako, taswira iko kichwani mwako baada ya kuondoka. Shairi linaweza kujenga taswira ya bahari kwa msomaji ambaye hajawahi kuifikia. Mandhari ya bahari hawezi kuipata hadi aende.

Upeo wa macho ni mwisho wa kuona, pale mbingu na nchi vinapoonekana kukutana. Ni sehemu ya mandhari, haliwi jina lake lote.

Tamasha lina historia tamu. Limetoka Kiajemi, tamāshā, ambalo lenyewe limetokana na neno la Kiarabu lenye mzizi wa kutembea: kutoka kwenda kutembea na kutazama, kisha kile kinachotazamwa, kisha mkusanyiko wa watazamaji. Zamani lingeweza kutaja kitu chochote cha kustaajabisha macho. Leo ukiandika “tamasha la maporomoko” watu watauliza kiingilio ni kiasi gani.

Ngeli: hii au haya?

Hapa ndipo hata waandishi wazoefu wanapochanganya. Kamusi za Kiswahili sanifu huliweka neno mandhari katika i-/zi-: mandhari hii inavutia, mandhari hizi zinavutia, mandhari nzuri, mandhari pana, mandhari mpya. Lakini wengi husema na kuandika mandhari haya yanavutia, mandhari mazuri. Simu zilizowekwa Kiswahili nazo humpa mtumiaji “mandhari meusi”, yaani zimeliingiza katika ya-.

Chanzo ni ile ma- ya mwanzo. Kwa Kiarabu ni alama ya mahali. Kwa sikio la Mswahili inafanana na ma- ya mayai na maji. Na si ajabu, kwa kuwa maarifa na madhara, nayo ya Kiarabu, yamekubali ya-: maarifa haya, madhara haya. Upande wa pili, maktaba, mahakama na madrasa yamebaki i-/zi-: mahakama hii, mahakama hizi. Njia zote mbili zina wapitaji.

Kuna sababu nyingine ya kimyakimya. Katika “mandhari ya kuvutia”, hiyo “ya” ni sawa iwe umefuata i- ya umoja au ya- ya wingi. Mwandishi anaanza salama na i-, anapita “ya kuvutia”, sikio linashika ya, na kitenzi kinachofuata kinatoka “yanaonekana”. Sentensi imeanza ngeli moja ikamalizia nyingine. Ukihariri, usitafute kosa kwenye hiyo “ya”. Litafute kwenye kitenzi, kiashiria na kivumishi, yaani -na-onekana, h-, -zuri.

Kwa mtihani, kitabu na maandishi rasmi, chagua i-/zi-. Ukiwa na sababu ya kufuata ya-, kwa mfano unaandikia programu iliyokwisha kuanza hivyo, fuata hivyo kote. Kibaya zaidi ya kuchagua ya- ni kuwa na “mandhari hii mazuri”. Na wingi, mandhari za, utumie pale tu unapohesabu sehemu mbalimbali. Bonde moja lililotazamwa kutoka pahali pamoja ni mandhari moja, hata kama lina mito saba.

Kivumishi gani kikae nayo

Neno linalopendwa siku hizi ni murua. Asili yake ni Kiarabu murūʾa, sifa za mtu kamili: utu, heshima, ungwana. Kiswahili cha zamani kililitumia hivyo, kama jina: mtu mwenye murua ni mwenye adabu njema. Baadaye likavuka kutoka tabia kwenda uzuri wa kitu, na “mandhari murua” sasa ni matumizi yaliyokubalika. Bado lina harufu ya ungwana, hivyo linafaa zaidi uzuri uliotulia: bustani, ufuko wenye minazi, kijiji cha mlimani. Kwa korongo la kutisha au maporomoko yanayonguruma, murua ni jepesi mno. Hapo tumia ya kustaajabisha, au ya kutisha kama inatisha.

Mandhari ya kuvutia ni ya kila mahali hata imechakaa. Mandhari ya kupendeza ni laini kidogo. Shani inafaa kwa kitu adimu, kisichoonwa kila siku, na kuitumia kwa kila kilima ni kuimaliza nguvu. Mwanana ni ya upepo na hali ya utulivu. Upepo mwanana ndiyo nafasi yake, na mandhari mwanana husikika kama tafsiri. Maridadi ni ya kilichopambwa kwa mikono: mavazi, nakshi, chumba. Mlima haujipambi. Maridhawa lina maana ya tele, ya kutosha, lakini kwa sababu linasikika tamu baadhi ya watu huliweka kama sifa ya uzuri. “Mandhari maridhawa” ikisomwa kwa usahihi ni mandhari tele, na sidhani ndicho kilichokusudiwa.

Kosa jingine ni kurundika: “mandhari nzuri ya kuvutia na ya kupendeza”. Hizo ni sifa tatu zinazosema jambo moja. Ondoa mbili, na mahali pake weka kimoja kati ya hivi: upande unaotazamwa, umbali, kimo, au saa ya mwanga. “Mandhari ya bonde lote hadi upeo wa macho, jua likiwa nyuma yako asubuhi” haina kivumishi hata kimoja cha sifa, lakini mpiga picha ameshajua abebe nini na afike saa ngapi.

Fasihi, simu na karatasi iliyolazwa

Darasani mandhari ina kazi ya pekee: ni mahali, wakati na hali ambamo matukio ya hadithi au tamthilia yanatokea. Mwanafunzi anayejibu “mandhari ni nzuri” kwa swali la fasihi amebeba maana ya mtaani akaiingiza darasani. Jibu linatakiwa litaje kijiji au mji, enzi, na hali ya jamii, kisha lioneshe mandhari hiyo imefanya nini kwa wahusika. Baadhi ya walimu hutumia mazingira kwa maana hiyohiyo. Haliko mbali, lakini lina hatari ya kumpeleka mwanafunzi kwenye miti na maji tu.

Kwenye simu, mandhari ni picha ya nyuma ya kioo au rangi za jumla za programu. Maana hiyo imeshika, na inapatana na asili: ni kile jicho linachokutana nacho nyuma ya vitu vingine.

Kinachokwama ni karatasi. Ukurasa uliogeuzwa upana ukazidi urefu usiitwe mandhari. Huo ni mlalo, na uliosimama ni wima. Kosa hilo limeletwa na Kiingereza, ambacho hutumia neno landscape kwa ukurasa huo kwa kuwa picha za nchi huchorwa zikiwa pana. Neno hilo lenyewe lilitoka Kiholanzi, landschap, likianzia kwenye ardhi, kisha likawa picha ya ardhi. Yaani lilianzia pale mandhari haikuanzia. Ndiyo maana mfasiri anapolikuta katika ripoti ya uhifadhi, lenye maana ya eneo pana la misitu, mashamba na vijiji vinavyotegemeana, akaweka mandhari, sentensi yake hulegea: “kusimamia mandhari” kunasikika kama kulinda picha. Pale andika eneo, ukanda au nchi, kwa kadiri ripoti inavyozungumzia, na mandhari uiache kwa ajili ya yule aliyesimama ukingoni akitazama.